Ndugu wa Karibu

Jumatatu, 4 Machi

Waraka umekuja tena. Kila mwaka mwezi huu. Kila mtumishi wa chuo, kuanzia Makamu Mkuu hadi mlinzi wa geti, ataje maslahi yake yanayoweza kugongana na kazi yake. Mwisho wa mwezi fomu iwe imerudi, la sivyo hatua za nidhamu. Mwaka jana niliandika "Hakuna" kwenye kila sanduku, nikasaini, nikaenda kunywa chai. Maslahi yangu mimi ni kulala Jumapili asubuhi bila kurukiwa na pacha wangu. Hakuna sanduku la hilo.

Wodi ya majeraha ya moto imejaa. Utafiti umefika nusu. Wagonjwa wengine wanapakwa dawa nyeupe, ile ya siku zote. Wengine wanapakwa ya manjano, mpya, ya kampuni. Mimi napima vidonda. Natandaza plastiki angavu juu ya kidonda, nachora ukingo wake kwa kalamu, wiki hadi wiki. Kikifunga naandika "kimefunga." Kazi ndogo ukiitazama. Lakini utafiti wote umesimama juu ya neno hilo moja. Dawa ikifaulu kwetu, hospitali zote zitainunua.

Habari njema — Kitinda kapata kazi! Mdogo wangu, kitindamimba wa Mama, miaka mitatu shahada yake imelala kabatini na nondo wanaijua kuliko waajiri! Kapiga simu anacheka kama mtoto. Nikamuuliza wapi. Eti nitajua Jumatano, atakuja mwenyewe. Ni mambo ya dawa-dawa, atakuwa anapita mitaa yangu. Mama kapiga vigelegele sebuleni, pacha wakadhani kuna harusi.


Jumatano, 6 Machi

Kampuni ni ile ile.

Ya dawa ya manjano.

Kaja jioni na kadi ya kazi shingoni, anaigeuzageuza ili nisome. Nikasoma. Uso wangu ulifanya nini sijui, maana alisema, "Mbona umebadilika, Dada? Nilitaka nikushtukize."

Umenishtukiza kweli, mdogo wangu.

Nikamuuliza kama anajua ninapima dawa yao. Alijua napima dawa fulani, hakujua ya nani. Namwamini. Huyu hajui kudanganya, hakujua hata alipokuwa anaiba sukari. Cheo chake: ofisa uhusiano na hospitali. Miezi mitatu ya majaribio, kisha athibitishwe. Kaniuliza, sasa si ndiyo vizuri? Tutakuwa tunakula pamoja mchana!

Mume wangu akamshika mkono, akampongeza. Akanitazama juu ya bega la Kitinda. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Akiona jambo halilingani hunyamaza kwanza.

Ningesemaje, Mama ameshika mikono ya mwanawe anaibusu?


Jumamosi, 9 Machi

Tulialikwa kwa Kitinda. Vyumba viwili, pazia jipya, viti vya kuazima kwa jirani. Wifi yangu na tumbo lake la miezi saba, hataki kukaa, anapakua tu. Sijamwona akicheka hivi tangu waoane. Kanivuta jikoni, akanong'ona: "Wifi, sasa mtoto atazaliwa na baba ana pa kwenda asubuhi." Nikamkumbatia. Nilijiona mnafiki.

Mama kasimama kuomba dua. Kasema: baba yenu alipoondoka huyu alikuwa hajaota hata jino la pili, nikamwacha mikononi mwa dada yake, na dada yake hakumwangusha. Kila mtu akaitika. Mimi natazama sahani.

Halafu nikauliza nisichopaswa kuuliza. Usaili ulikuwaje? Kitinda kafurahi kusimulia. Ukumbini walikuwa watu na mabegi ya ngozi, watu wenye uzoefu wa miaka mingi, na yeye hajawahi kuuza hata karanga. Watatu mbele yake wakamuuliza maswali ya biashara. Anakiri moja lilimpiga chenga kabisa. Kisha wakamuuliza habari za familia. "Nikawaambia nina dada, mhadhiri wa famasia chuo kikuu, yeye ndiye kanilea. Yule mkurugenzi mwenyewe akaweka kalamu chini, akatabasamu. Hapo nikajua — nimewapata!"

Wote wakacheka. Wifi yangu akapiga makofi.

Hakuwapata. Wao ndio waliompata. Na mtego wenyewe ni mimi. Au chambo? Sijui hata mimi ni kipi kati ya hivyo.


Jumanne, 12 Machi

Mwoka mikate amerudi wodini. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidoleni, mlango wa tanuri ulimfungukia. Tulimruhusu wiki iliyopita, kidonda kimefunga vizuri, ngozi ya waridi. Dawa ya manjano. Leo ngozi imepasuka katikati na chini yake kuna shimo lenye usaha.

Sista wa wodi kamwosha kimya kimya. Ni mtu wa maneno machache, tumefanya kazi pamoja tangu nikiwa mwanafunzi. Alipomaliza akaniambia pembeni: "Daktari, hii ya manjano ina haraka ya kufunga mlango na moto bado uko ndani."

Nikasema mgonjwa mmoja si hoja. Akasema ndiyo, mmoja si hoja. Lakini wiki ile alirudi yule mama wa mafuta ya kukaangia. Na yule fundi wa kuchomelea vyuma.

Nikasema tutaona.

Nimejisikia nikilisema. "Tutaona." Kwa sauti gani ile? Mwezi uliopita ningeshika daftari nikaanza kuuliza maswali pale pale.


Ijumaa, 15 Machi

Niandike hili kabla sijalipamba.

Asubuhi nilipima kidonda cha mwanamke wa kitanda cha dirishani. Bega. Dawa ya manjano. Nimetandaza plastiki, nimechora. Hakukuwa na cha kuchora, karibu kimefunga chote. Kimebaki kijisehemu kama ukucha, kinang'aa kidogo. Unyevu au mafuta ya dawa? Ukiwa na nia ya kuona unyevu utauona. Ukiwa na nia ya kutouona — basi.

Nikaandika "kimefunga."

Sista alikuwa ameshika trei. Hakunyanyua sauti: "Daktari, macho yangu yamezeeka, au hapo pana maji?"

Nikachukua pamba nikagusa. Ikatoka na doa.

Nikafuta, nikaandika upya. Mwanamke mwenyewe akauliza, vipi, naenda nyumbani? Nikamwambia bado kidogo, mama. Akageukia ukutani.

Nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho, ufunguo mkononi, sijawasha. Hakuna aliyeniomba. Kampuni haijanipigia simu. Kitinda hajasema neno. Hakuna bahasha, hakuna tishio, hakuna chochote! Mkono wangu umeenda wenyewe. Nilikuwa nadhani watu wanaouza kazi zao wanajua saa wanayouza. Kumbe mtu unaweza kuamka, ukapiga mswaki, ukauza, na ukarudi kula wali, na usijue.


Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia mume wangu kila kitu. Tulikuwa tunaanua nguo. Kasikiliza huku anakunja mashuka, kona kwa kona, kama kawaida yake. Kasema: "Jaza fomu, Mama Pacha. Hili halina mahesabu mengi." Nikasema Kitinda atafukuzwa. Kasema labda. Nikasema Mama hatanisamehe. Akakunja foronya. Kisha: "Lakini mwambie kwanza yeye. Asilisikie kwa watu."

Hilo ndilo nililoogopa kuliko fomu yenyewe.


Jumatatu, 18 Machi

Tumekutana kantini ya hospitali. Kaagiza chai mbili na maandazi bila kuniuliza, kajisikia baba mwenye nyumba. Kalipa yeye! Nikamwacha alipe.

Nikamweleza. Kanuni inasema mtumishi ataje ndugu wa karibu mwenye kazi au hisa kwenye kampuni anayoifanyia utafiti. Wewe ni ndugu wa karibu. Napaswa kukuandika.

Kwanza hakuelewa. "Si uandike tu? Kuna ubaya gani?" Nikamweleza kinachofuata: nitatolewa kwenye utafiti, au kampuni itakutoa wewe, au yote mawili. Akaweka andazi chini.

"Dada. Miezi mitatu tu. Nithibitishwe kwanza. Baada ya hapo andika hata ukutani."

Nikamwambia miezi mitatu utafiti utakuwa umekwisha.

"Kwani nimekuomba udanganye? Pima kama unavyopima! Mimi sijakuambia neno kuhusu dawa. Nimewahi?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

Ningemwambia habari ya kile kijidoa kwenye pamba? Nilijaribu. Maneno yalikuwa madogo kuliko jambo lenyewe. Akanitazama sana. Ana macho ya baba yetu, yanafika mahali kabla ya akili. Akauliza polepole:

"Kwani ile kazi wamenipa kwa sababu yako?"

Nilipaswa kusema hapana. Upesi, kama mtu anavyoondoa mkono kwenye sufuria. Au niseme ndiyo, nimshike bega. Nilikunywa chai. Nilikunywa chai!

Akaamka. Kavuta kadi yake ya kazi, kaiingiza ndani ya shati. Kasema ana kikao. Maandazi yamebaki pale.


Alhamisi, 21 Machi

Nimeitwa kwa Mkuu wa Kitivo. Ndani kumbe yupo na mkurugenzi wa kampuni. Wanacheka, vikombe vyao vimeshafika nusu. Mkurugenzi kanyanyuka kunisalimu kwa mikono miwili. Ana sauti laini kama mtu wa mazishi. Eti kijana wangu anafanya vizuri mno, wamempenda, "sasa sisi na nyie ni familia, Daktari." Nikasema kijana si wangu, ni wa mama yangu. Wakacheka kama nimetania.

Alipotoka, nikamwambia Mkuu nataka kumtaja mdogo wangu kwenye fomu. Na pia nataka kuiandikia kamati kuhusu vidonda vinavyofunga juu na kuchimba chini. Watano sasa wamerudi, wote wa manjano.

Mkuu kavua miwani. Tulisoma naye, alikuwa mbele yangu mwaka mmoja. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonitia uchungu. Kaniuliza, huyo kijana unamlisha? Nikasema ana nyumba yake na mkewe. "Basi si mtegemezi. Fomu imekusudia wenza na wategemezi. Soma kwa busara." Nikamsomea mstari: ndugu wa karibu. Akasema karibu ni neno pana. Karibu kwa kipimo gani? Kuna ndugu wa tumbo moja hawajuani, na kuna jirani ni ndugu kuliko ndugu.

Karibu nicheke. Nilimlea mgongoni, nikisomea mtihani yeye analala kwenye kanga. Kipimo gani kingine anataka?

Halafu akazungumzia maabara mpya. Kampuni ndiyo itakayoijenga. Hakusema kinginecho. Alinionyesha ramani tu, madirisha makubwa, na chumba kimeandikwa jina la somo langu. Kwa kweli ni nzuri.

Kuhusu wagonjwa watano kasema: subiri wafike kumi. Takwimu zinataka subira.


Ijumaa, 22 Machi

Nimejaza. Ndugu wa karibu: ndiyo. Uhusiano: mdogo wangu wa tumbo moja. Tarehe ya kuajiriwa kwake. Nimeeleza siku niliyoandika "kimefunga" na kufuta. Nimeambatanisha taarifa ya wale watano, kila kidonda na michoro yake.

Nimepeleka mwenyewe ofisi ya maadili. Dada wa masjala alikuwa anaongea na simu, kaishikilia kwa bega. Kagonga muhuri bila kusoma, kanirudishia nakala. Nikasimama pale. Akaziba simu kwa kiganja: "Bado kuna kitu?"

Hakuna, nikasema.

"Haya, karibu tena."

Nimetoka nje. Jua kali, wanafunzi wamelala kwenye nyasi. Nilidhani nitahisi wepesi. Watu husema kusema kweli ni kutua mzigo. Huu nimeutua, lakini umemwangukia mtu mwingine.


Jumatatu, 25 Machi

Barua imefika kabla ya saa nne — hawa watu kumbe wanaweza kwenda haraka! Nimesimamishwa kwenye utafiti hadi uchunguzi ukamilike. Nisiingie wodini. Nisiongee na wagonjwa wala wahudumu kuhusu utafiti. Chuo kinanishukuru kwa uwazi wangu.

Hapo sina lalamiko. Ndivyo kanuni inavyotaka, ndicho nilichokiomba. Atakayenirithi ndiye aliyenimaliza nguvu.

Bwana Hewala.

Sisi idarani tunamwita hivyo kwa sababu Mkuu akipiga chafya yeye hujibu hewala. Hajawahi kushika kidonda, yeye ni mtu wa mizani na mirija ya maabara. Kaja kuchukua faili zangu, mpole, ana aibu kidogo. Kasema, "Usijali, mwenzangu, nitaendeleza pale pale ulipoishia." Nikamwambia agusie pamba kila mara, asitegemee macho. Akaitikia kwa kichwa, anaandika kwenye kiganja. Nikamwambia habari ya wale watano. Akasema Mkuu amemwambia hao ni wa kipindi chenye mgongano wa maslahi, wataondolewa kwenye hesabu.

Wataondolewa!

Yaani ukweli wangu ndio ufagio wao. Kwa sababu nimesema mkono wangu ungeweza kuvutwa upande wa kampuni, wanafuta yale niliyoyaandika kinyume na kampuni. Nimerudia kuisoma sentensi hii. Ndivyo ilivyo.


Alhamisi, 28 Machi

Kitinda ameachishwa. Ujumbe wa simu, si hata barua: nafasi yake haihitajiki tena katika muundo mpya.

Sikusikia kwake. Nimesikia kwa wifi yangu, kwenye simu, analia kwa kwikwi. "Wifi, tumekukosea nini? Si ungetuambia tu kama hutaki tuinuke?" Nikasema si hivyo. Akasema Kitinda amekaa kitandani na viatu, hataki kuvua. Kitinda kasema neno moja tu: kwamba sasa amepata jibu la swali lake.

Nikampigia. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Imezimwa.


Jumamosi, 30 Machi

Mama haongei nami. Anaongea na pacha nikiwepo: "Mwambieni mama yenu chumvi imekwisha." Pacha wanadhani ni mchezo, wanaleta ujumbe mbio, wanagombania. Nimeenda kununua chumvi.

Niliporudi nikapiga magoti mbele yake nikamweleza, pole pole, kama ninavyoeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Dawa ile inaumiza watu, Mama. Akanitazama kwa mara ya kwanza wiki hii. "Hao watu ni nani zako?" Nikasema si mtu wangu yeyote. Kuna mwoka mikate, kuna mama mmoja wa kitanda cha dirishani. "Na huyu ni nani yako?" Nikainama. Akasema, "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini najua anayelia ndani ya nyumba ndiye anayeanza kunyamazishwa." Akaingia chumbani kwake.

Sista kapiga simu. Najua hatakiwi kunipigia, wala mimi kupokea. Nikapokea. Kasema neno moja kisha akakata: mwanamke wa dirishani kaandikiwa "kimefunga," karuhusiwa jana. Hakugusiwa pamba.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati ya utafiti, hapo hapo, jikoni. Nikaeleza kila kitu. Nikaomba mtu wa nje ya chuo aje apime. Mume wangu kasoma kabla sijatuma. Akasema, tuma.


Jumanne, 2 Aprili

Kamati imejibu. Kesho nifike kujieleza.

Lakini si kuhusu dawa!

Kampuni imeleta malalamiko rasmi. Nayaandika kama yalivyo ili niyaamini: kwamba mimi ndiye niliyemwombea mdogo wangu kazi. Kwamba nilipopewa nikaomba zaidi, nikanyimwa, ndipo dawa ikaanza kuonekana mbaya. Kwamba kutaja kwangu maslahi ni mbinu ya kujisafisha kabla ya kushikwa. Mkuu kaniambia kwenye simu, sauti ya chini, eti yeye haamini, ila inabidi taratibu zifuatwe. Nikamuuliza wana ushahidi gani. Akakohoa. Akasema kuna shahidi.

Nimerudi nyumbani na maumivu ya kichwa. Mama alikuwa mlangoni ananisubiri, uso umefunguka, kanishika mikono yote miwili — baada ya siku zote zile!

"Mungu mkubwa, mwanangu. Wamemrudisha Kitinda kazini. Leo hii! Na mkataba kabisa, si majaribio. Mkurugenzi mwenyewe kamfuata nyumbani kwake na gari."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi. Mama akadhani ni furaha. Akanikalia pembeni, akaniegemea, akaniambia nimsamehe kwa kuninunia, uchungu wa mwana haumwachi mtu na akili. Ana bega jembamba siku hizi. Ningemwambiaje kwamba shahidi ndiye huyo huyo? Nilikaa hivyo hivyo mpaka pacha walipokuja kudai maziwa.


Jumatano, 3 Aprili

Benchi nje ya chumba cha kamati. Naandika juu ya goti. Nimeambiwa nisubiri, shahidi ataanza.

Usiku nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Asubuhi hii hakuna hata neno. Mume wangu alitaka kuja, nikamwambia afundishe. Ukutani kuna picha za makamu wakuu wote waliopita. Wote wameshika kitabu. Hakuna aliyekifungua.

Kaja. Kapanda ngazi na mwanasheria wa kampuni nyuma yake, kijana nadhifu mwenye mkoba. Benchi ni hii moja tu. Kitinda kakaa ncha ya pili, mwanasheria katikati yetu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Mwanasheria kapekua karatasi, hatazami upande wowote. Kitinda kakonda. Ana kidonda cha wembe kidevuni, kajinyoa kwa haraka. Nikamuuliza wifi yangu vipi. Kasema miguu imemvimba, daktari kasema apumzike. Nikamuuliza kama amekula.

"Bado."

Mkobani nina biskuti za pacha. Nikatoa moja, nikampitishia mbele ya magoti ya mwanasheria. Akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Kaishika tu. Akafungua mdomo kusema kitu — naapa alitaka kusema kitu — mwanasheria akamgusa kiwiko, akamwambia kwa upole, "Tuhifadhi maneno kwa ndani."

Wamemwita.

Kasimama. Hakujua aiweke wapi ile biskuti. Katazama mkono wake, kanitazama, kaiweka juu ya benchi kati yetu, polepole isivunjike. Wameingia.

Mlango huu haufungi vizuri. Nasikia kiti kikivutwa. Nasikia mwenyekiti akimwambia asiogope, hapa si mahakamani. Karatasi. Mtu kakohoa, nadhani Mkuu. Kisha mwenyekiti tena: je, unamfahamu mtumishi huyu wa chuo, na ni nani yako?

"Ni dada yangu," kasema Kitinda. Sauti kubwa, safi. "Ndiye kanilea."

Na hiyo kazi, ndugu, nani alikutafutia?